Maswali ya Wasomaji: Maua ya Mezani kwa Akriliki, na Rangi Inayowaka

Barua za safari hii zimetoka Lanet, Kisumu, Kakamega, Bungoma, Siaya, Molo, Vihiga na Nakuru mjini. Zote zinahusu kuchora maua yaliyopangwa mezani kwa rangi ya akriliki, picha ibebe nguvu ile ile iliyo kwenye ua lenyewe. Maswali tumeyafupisha.

Nachora waridi jekundu. Kwenye chombo linawaka, lakini kwenye picha yangu linafanana na nguo nyekundu iliyofuliwa mara mia. Penye mwanga naongeza nyeupe, penye kivuli naongeza nyeusi. Nakosea wapi? (Msomaji wa Lanet)

Kosa liko kwenye hizo rangi mbili unazoongeza. Nyeupe ya akriliki ni ya titani, kwenye tyubu imeandikwa msimbo PW6, na hufanya mambo mawili kwa mpigo: inaziba mwanga usipenye ndani ya rangi, kisha inaivuta rangi upande wa ubaridi. Nyekundu ikikutana nayo haizidi kung'aa, inageuka pinki. Nyeusi nayo inaua wekundu uliobaki kivulini. Waridi halina weusi ndani yake. Lina wekundu mzito wa damu ya mzee.

Kabla hujashika brashi, litazame ua moja kwa karibu, sentimita 20 hivi kutoka machoni. Ukingo wa petali ya nje, pale unapojikunja, umebeba mstari wa pinki baridi mwembamba kama uzi. Huo ni mwanga wa dirishani. Chini yake, tumbo la petali ni jekundu tupu. Mahali petali mbili zinapopishana, mwanga unapita ndani ya nyama ya petali kabla ya kukufikia, na hapo wekundu unakaribia rangi ya chungwa. Hapo ndipo ua linapowaka. Kwenye kiini, mikunjo inaposongamana, kuna giza linaloelekea zambarau. Rangi nne, na ni moja tu inayohitaji nyeupe.

Sasa fuata mpangilio huo. Juu ya geso (rangi nyeupe ya kuandalia ubao) iliyokauka, paka eneo la ua peke yake kwa manjano joto yenye tone la nyekundu, nyembamba, uache dakika 15. Nyekundu nyingi za akriliki hupitisha mwanga kiasi, kwa hiyo manjano iliyo chini itazipa joto ambalo geso nyeupe haiwezi kuzipa. Giza lipakwe kwanza: magenta (PR122) sehemu tano kwa kijani cha thalo (PG7) sehemu moja. Kijani hicho kina nguvu ya kutisha, anza na kiasi cha punje ya mchele. Kisha nyekundu tupu isiyochanganywa na chochote, mikono miwili, yaani tabaka mbili, kwa sababu mkono wa kwanza utaacha michirizi ya brashi. Mahali pa joto weka nyekundu sehemu tatu kwa manjano sehemu moja. Mwisho kabisa, kwa brashi namba 2, nyeupe yenye chembe ya magenta kwenye kingo nne au tano. Vuta mara moja, inua mkono, usirudie.

Na lile ua lililokwisha kufifia halijapotea. Liache likauke, changanya nyekundu sehemu moja na midiamu ya kung'aa (gundi ya akriliki isiyo na rangi) sehemu nane, upake utando mwembamba juu yake. Nyeupe iliyo chini itageuka kuwa taa badala ya kuwa chokaa. Utando mmoja usipotosha, ongeza wa pili baada ya ule wa kwanza kukauka.

Jambo moja zaidi, maana linawasumbua wengi: gundi iliyo ndani ya akriliki ni nyeupe kama maziwa ikiwa mbichi, na ikikauka inakuwa kama kioo. Kwa hiyo kila rangi hukauka ikiwa nzito kuliko ulivyoiona kwenye paleti. Weka kipande cha kadi iliyopakwa geso kando yako, upake kila mchanganyiko hapo kwanza, uukaushe kwa draya ya nywele, ndipo uupeleke kwenye picha.

Huku Kisumu rangi inakauka kwenye paleti kabla sijamaliza petali moja. Brashi zangu tatu zimekuwa ngumu kama kijiti. Kuna dawa? (Msomaji wa Kisumu)

Zima feni kwanza. Akriliki hukauka kwa maji kutoka, na upepo ndio unaoyatoa upesi kuliko hata joto. Kama huwezi kukaa bila feni, ielekeze mgongoni kwako, isipite juu ya paleti.

Halafu tengeneza paleti ya maji. Chukua kontena ya plastiki bapa yenye mfuniko, ile ya kuwekea chakula inatosha. Tandika sponji au tabaka nne za taulo la karatasi, mimina maji safi mpaka zilowe kabisa lakini maji yasielee juu. Juu yake laza karatasi ya kuokea keki, uifute kwa kiganja hewa itoke chini. Rangi ikae juu ya karatasi hiyo. Maji yatapanda polepole kupitia karatasi na rangi itabaki laini saa nyingi. Ukifunika, utaikuta inafaa kesho yake. Karatasi yenye nta haifai, haipitishi maji. Badilisha maji kila baada ya siku nne au tano, la sivyo itanuka na kuota ukungu.

Usiongeze maji kila rangi inapoanza kushika. Kwenye sehemu ya kupaka kwa nguvu, maji yasizidi robo ya rangi. Yakizidi, gundi inatawanyika, rangi inakauka ikiwa kavu kama vumbi la chaki na haishiki vizuri. Ukitaka iteleze zaidi, ongeza midiamu.

Brashi ngumu ziloweke kwenye spiriti nusu saa, mbali na jiko, kisha zikande kwa sabuni ya kipande kwenye kiganja. Rangi ikiwa imeingia ndani ya kile chuma kinachoshika nywele, brashi hiyo haitarudi kuwa na ncha. Ihifadhi kwa kupaka geso. Tangu sasa, brashi isipotumika ilale ndani ya maji kidogo kwenye sahani, isisimame kwa nywele ndani ya kopo. Ikisimama inapinda.

Na kwa kuwa uko Kisumu, usilaze picha mbili uso kwa uso, hata zikiwa zimekauka mwezi mzima. Akriliki hulainika kwenye joto, na ndani ya gari lililoegeshwa juani picha hizo zitagandana. Kati yake weka ile ile karatasi ya kuokea. Gazeti litaacha maandishi, nailoni itanata.

Nikichanganya nyekundu na buluu nipate zambarau ya jakaranda, napata matope. Shuleni tulifundishwa hivyo hivyo. (Mwalimu wa sanaa, Kakamega)

Mwalimu, kanuni ya shuleni ni sahihi nusu. Nyekundu nyingi zina manjano iliyojificha ndani yake, ndiyo maana zinaonekana za moto. Ukiweka nyekundu ya namna hiyo na buluu, umeleta nyekundu, buluu na manjano sufuriani pamoja, na hizo tatu zikikutana zinazaa hudhurungi. Buluu ikiwa ile ya thalo (PB15:3) mambo yanazidi kuharibika, kwa kuwa inaelekea kijani.

Tumia magenta (PR122) na buluu ya altramarini (PB29). Magenta haina manjano, na altramarini inaelekea zambarau yenyewe. Jakaranda ni zambarau ya ubuluu: magenta sehemu moja, altramarini sehemu tatu, nyeupe sehemu mbili. Nyeupe hapa inaruhusiwa, kwa sababu mchanganyiko huo ukiwa mtupu ni mzito mno hata unaonekana mweusi, na nyeupe ndiyo inayoufungua uonekane zambarau.

Bogenvilia inadai kinyume chake. Ile magenta ya tyubu ipake tupu, bila nyeupe, juu ya geso safi. Wanafunzi wako waangalie vizuri: kile kinachoitwa ua ni majani matatu yenye rangi, membamba kama karatasi, yenye mishipa. Maua yenyewe ni vile vijirija vitatu vidogo vyenye rangi ya krimu vilivyosimama katikati. Ukisahau vijirija hivyo, picha itakuwa madoa ya magenta tu.

Kama kuna anayeweza kukuletea ua la gugu maji kutoka Ziwa Viktoria, hilo ni somo zima kwenye kikonyo kimoja. Wavuvi wanalichukia gugu hilo, na wana haki, lakini ua lake limepangwa na mjuzi wa rangi. Petali sita za zambarau nyepesi. Ile ya juu ina doa la buluu nzito, na katikati ya doa kuna alama ya manjano isiyozidi ukubwa wa punje ya mtama. Manjano na zambarau zinakaa mkabala kwenye gurudumu la rangi, kwa hiyo kila moja inaichochea mwenzake. Paka zambarau yote kwanza, doa la buluu likiwa bado bichi ulifute kingo zake kwa brashi yenye unyevu, ngoja likauke kabisa, ndipo uweke manjano: chembe ya nyeupe kwanza, ikikauka manjano juu yake. Manjano moja kwa moja juu ya buluu itatoka kijani, maana haizibi. Ua hilo hunyauka upesi, basi lichorwe siku lilipochumwa.

Nina pesa za kununua seti ya tyubu ndogo 24 au tyubu sita kubwa. Kipi bora kwa maua? (Msomaji wa Bungoma)

Sita kubwa, bila kusita. Seti ya 24 imejaa michanganyiko ambayo ungejichanganyia mwenyewe, na kila tyubu inaisha kwenye picha ya pili. Mtu mwenye rangi kidogo hupaka kwa uchoyo, na uchoyo unaonekana kwenye petali.

Nunua magenta PR122, nyekundu PR254 au PR112, manjano PY74, altramarini PB29, buluu ya thalo PB15:3, na nyeupe PW6. Nyeupe iwe kubwa mara mbili ya zingine. Ukipata ya saba, iwe kijani cha thalo PG7, ambacho huwezi kukipaka kitupu kwenye jani lolote lakini kinatengeneza giza zuri sana pamoja na magenta. Nyeusi iache dukani.

Hizo herufi na namba ziko nyuma ya tyubu kwa maandishi madogo. P ni pigmenti, herufi inayofuata ni rangi kwa Kiingereza, namba ni ya pigmenti yenyewe. Jina la mbele linaweza kuwa lolote la kupendeza, msimbo haudanganyi. Tyubu yenye msimbo mmoja inachanganyika safi. Yenye misimbo mitatu tayari ni mchanganyiko, ukiongeza yako miwili umefika kwenye matope. Neno «Hue» likifuata jina, maana yake rangi hiyo imeigwa kwa pigmenti nyingine. Si kosa, ila soma msimbo ujue ni zipi. Rangi za bei ya chini huwa na vijazio vingi, chaki na mfano wake, kwa hiyo zinafifia ukizichanganya. Ukilazimika kuchagua, magenta ndiyo iwe ya daraja la wasanii. Nyeupe inaweza kuwa ya wanafunzi.

Majani usiyapake kijani cha tyubu, yatafanana na maua ya plastiki. Buluu ya thalo kidogo ndani ya manjano nyingi, kisha chembe ya nyekundu kukituliza. Jani la waridi likitulia, waridi lenyewe linapanda bila kuguswa.

Nilitandika leso nzuri nyuma ya chungu cha maua ili picha iwe na rangi nyingi. Nilipomaliza, maua hayaonekani kabisa. Kila kitu kinapiga kelele. (Mama mshonaji, Siaya)

Mama, leso ni kitu kizuri sana kwa picha ya namna hii, lakini imesanifiwa ivutie macho yenyewe. Umeweka waimbaji wawili wa mbele kwenye jukwaa moja.

Anza na maandishi. Leso ina pindo, ina mji (eneo la katikati), na ina jina. Jina likionekana kwenye picha, mtazamaji atalisoma kabla hajaona ua hata moja; macho ya mtu anayejua kusoma hayawezi kuliruka neno. Likunje chini ya chungu, au acha herufi mbili tatu zikiwa zimekatwa na mkunjo. Mji wenye mchoro mkubwa upeleke kando, usikae moja kwa moja nyuma ya maua. Pindo ndilo rafiki yako: likunje lipite mezani kwa mshazari kutoka kona ya chini kuelekea kwenye chungu, litaongoza macho hadi kwenye maua.

Kisha rangi. Mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul, aliyesimamia upakaji rangi nyuzi katika kiwanda cha mazulia cha Gobelins mjini Paris, aliletewa malalamiko kuwa nyuzi nyeusi zimefifia. Alipochunguza aliona rangi ya nyuzi haina kasoro; rangi zilizofumwa kando yake ndizo zilizoibadilisha machoni. Maelezo yake aliyachapisha mwaka 1839, na ndiyo siri ya picha yako pia. Nyekundu iliyozungukwa na chungwa na pinki inazama. Nyekundu ile ile, tyubu ile ile, ikizungukwa na kijani cha kijivu inaruka nje ya ubao.

Kwa hiyo kila rangi ya leso ipunguzie makali kwa kuichanganya na chembe ya rangi iliyo mkabala nayo: nyekundu ya leso ipate kijani, manjano ipate zambarau, buluu ipate chungwa. Chembe, si zaidi ya sehemu moja kwa kumi. Bado itaitwa nyekundu, bado itaitwa manjano, ila haitagombana. Kingo za michoro ya leso zilainishe kwa kidole au brashi yenye unyevu rangi ikiwa mbichi, na kingo za petali zibaki kali kama zimekatwa kwa mkasi. Rangi tupu ya tyubu iwe kwenye maua peke yake, na huko nako isienee kila ua. Chagua maua mawili au matatu yawe ndio wakubwa wa picha.

Picha uliyonayo usiitupe. Ipige picha kwa simu yako, uigeuze iwe nyeusi na nyeupe. Ikiwa maua na leso vimekuwa kijivu kimoja, tatizo si rangi bali ni mwanga na giza: chukua altramarini na hudhurungi, au altramarini na nyekundu, na midiamu ya kutosha, upake utando wa giza juu ya leso yote. Maua yatabaki yamesimama mbele.

Kuhusu chungu, cha udongo cha kwenu ni bora kuliko chombo cha kioo chenye mapambo. Udongo uliochomwa una hudhurungi ya joto isiyoshindana na ua lolote. Ukipata chombo cha mawe laini ya Tabaka, Kisii, kitazame vizuri karibu na maua: uso wake wa krimu hunyonya rangi ya petali iliyo juu yake, na kuna kivuli cha pinki kwenye shingo ya chombo ambacho wengi hawakichori kwa kuwa wanajua jiwe ni jeupe.

Picha zangu za hadibodi zimepasuka vijistari, na moja imebanduka kama ganda la kiazi. Nilipaka rangi nene sana kwa kisu, usiku, nikaziacha sebuleni. (Msomaji wa Molo)

Yawezekana una magonjwa mawili. Mipasuko inatokana na baridi. Akriliki haishikamani kwa kukauka tu: vijipunje vya plastiki vilivyomo vinapaswa kulainika na kuungana, na chini ya nyuzi joto 10 hivi haviungani vizuri. Usiku wa Molo unashuka hapo mara nyingi. Paka mchana, tabaka zisizozidi milimita 2 kwa mara moja, picha ilale kwenye chumba chenye joto. Usiitundike juu ya jiko la makaa, maana ngozi ya juu itakauka kabla ya tumbo na utapata mipasuko mingine.

Iliyobanduka, kwa kawaida, iliwekwa juu ya rangi ya mafuta. Kama ulipaka hadibodi rangi ya milango inayong'aa ili ipate weupe, akriliki haina pa kushika. Rudi kwenye ubao mtupu: sugua upande laini kwa msasa namba 220, futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, paka mikono miwili ya midiamu ili ule uhudhurungi wa mbao usipenye baadaye na kuchafua manjano yako, kisha geso mikono mitatu, kila mmoja ukikingamana na uliotangulia. Geso ikikosekana, rangi ya maji ya ukutani, nyeupe isiyong'aa, inafaa kwa mazoezi. Paka na nyuma ya ubao pia, la sivyo utapinda.

Maua yananyauka kabla sijamaliza. Na vitabu vinasema nikae kwenye dirisha la kaskazini, lakini mwezi wa saba jua linaingia hapo hapo. (Msomaji wa Vihiga)

Ushauri wa dirisha la kaskazini uliandikwa Ulaya, ambako jua halipiti upande huo. Ikweta inapita Maseno, hatua chache kutoka kwenu. Kuanzia mwisho wa Machi hadi Septemba jua la kwetu linapita upande wa kaskazini, kwa hiyo tumia dirisha la kusini. Kuanzia Oktoba hadi Machi geuza meza, utumie la kaskazini. Mwanga utakuwa mtulivu karibu siku nzima. Kama una dirisha moja tu na linaelekea mashariki, chora mchana baada ya saa saba.

Maua yakate asubuhi na mapema, sentimita 2 za kikonyo kwa mshazari, kikonyo kikiwa ndani ya maji ili kisivute hewa. Ondoa majani yote yatakayozama. Kwa lita moja ya maji weka sukari kijiko kimoja cha chai na maji ya limau vijiko viwili, ubadilishe kila siku. Usiku yakae mahali pa baridi, mbali na ndizi zinazoiva, kwa sababu hewa inayotoka kwenye matunda hayo huharakisha petali kuanguka.

Haibiskasi hufunguka siku moja tu, ichorwe yenyewe kwanza. Waridi lililonunuliwa likiwa limefumba hufunguka mbele ya macho yako chumba kikiwa na joto, basi dakika 20 za kwanza chora mahali pa kila ua kwa brashi nyembamba na rangi nyepesi, upige picha, halafu umalize maua yote kabla ya kugusa chungu, meza na kitambaa. Chungu hakinyauki.

Mteja anataka pinki inayong'aa ile ya fluoresenti kwenye maua ya ofisini kwake, ukuta unaopigwa na jua la jioni. Nimpe? (Mchoraji, Nakuru mjini)

Usimpe bila kumweleza. Fluoresenti hupauka upesi kwenye mwanga, na hakuna vanishi itakayoizuia kabisa. Vincent van Gogh alichora mawaridi ya pinki mwaka 1890, miezi michache kabla ya kufa; leo yanaonekana karibu meupe, kwa kuwa wekundu alioutumia haukuvumilia mwanga. Anayeyatazama leo anaweza kudhani aliyachora meupe.

Pinki inayodumu itoke kwa PR122 au PV19 pamoja na nyeupe, na ukitaka iwake, izungushe na kijani kilichotulizwa. Kama bado ana wasiwasi, mfanyie jaribio. Paka vipande viwili kwenye kadi moja, cha fluoresenti na cha magenta, funika nusu ya kila kimoja kwa kadibodi nzito, ubandike kwenye kioo cha dirisha la magharibi miezi mitatu. Akibandua kadibodi ataona mwenyewe. Na picha yenyewe itundikwe ukuta wa pembeni, ambao jua la jioni haliufikii.